Ng'ombe kwa Jina la Asteria

Mzee Donatus alikuwa mwana wa Masalu, Masalu mwana wa Ndaki, na Ndaki ndiye aliyechunga mifugo yake katika nchi ya Mwakitolyo kabla mtu yeyote hajachimba shimo la dhahabu huko, wakati ardhi ile ilipokuwa ya mtama na malisho tu. Ndaki hakuitwa barazani hata siku moja kujibu shauri la mtu. Masalu, mwanawe, aliachiwa ng'ombe na majirani waliokwenda safari ndefu, nao waliporudi waliwakuta wamenenepa kuliko walivyowaacha. Donatus mwenyewe alisoma shule ya kati ya misheni hadi darasa la nane, enzi ambazo mwanafunzi aliyechelewa gwaride aliuzunguka uwanja kwa magoti. Akaajiriwa kuwa bwana mifugo, akasimamia majosho ya wilaya nzima, akastaafu pasipo kupata barua ya onyo. Ukoo huo ulisifika kwa jambo moja lililotajwa katika kila harusi na kila msiba wao: mtu wa kwa Ndaki akishatamka neno, hageuki.

Alikuwa akiishi Kambarage, mjini Shinyanga, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, pamoja na mjukuu wake, Asteria. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Asteria alikuwa binti wa Sostenes, kitinda mimba wa mzee, ambaye alikuwa akishinda duarani, kama wachimbaji wa Mwakitolyo wanavyoliita shimo la dhahabu. Mama yake alikuwa akiwapikia wachimbaji hao hao. Mtoto aliletwa mjini akiwa darasa la tano ili asome kwa utulivu, mbali na kelele za mashine za kusagia mawe. Naye alisoma. Alipoingia darasa la saba alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi mia moja na kumi.

Mwezi wa pili alileta ripoti. Chini ya alama zake, Mwalimu Justa, mwalimu wa darasa, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Anao uwezo wa kuwa wa kwanza na kuchaguliwa katika shule nzuri ya sekondari. Apewe motisha."

Mzee Donatus alilisoma neno hilo la mwisho mara tatu. Katika shule yake ya kati hapakuwa na kitu kilichoitwa motisha. Palikuwa na kengele, jembe, sala na kiboko. Akachukua kamusi kabatini, akaifungulia mezani, akakuta kwamba motisha ni kitu kinachomtia mtu hamu ya kufanya jambo. Hapo akatabasamu. Hilo alikuwa akilijua tangu ujana wake. Maelfu ya ng'ombe walipita joshoni mbele ya macho yake, naye aliona kwamba yule aliyetanguliziwa chumvi aliingia mwenyewe, wakati yule aliyesukumwa alivunja uzio.

Jumapili hiyo, walipotoka kanisani, alimwita mjukuu wake sebuleni.

"Asteria."

"Abee, babu." Akapiga goti.

"Mwezi wa tisa mtafanya mtihani wa kumaliza. Ukifaulu kwa daraja la juu, ng'ombe watano wataingia zizini kwa jina lako."

Mtoto aliinua macho kidogo. "Kwa jina langu, babu?"

"Kwa jina lako. Nami sisemi jambo mara mbili."

"Ndiyo, babu."

Akainamisha uso na kutoka kimya kimya. Mzee aliuona ukimya ule akadhani ni furaha nzito isiyopata maneno, akaridhika. Alijiona amefanya kile ambacho babu wachache wa mji ule wangeweza kukifanya.

Mwezi wa nne Asteria alikuwa wa kumi na tisa.

Mzee aliigeuza karatasi ya matokeo akatazama nyuma, kana kwamba nafasi ya tatu ilikuwa imejificha upande ule. Aliwaza kwamba labda mtoto ni mgonjwa. Akampeleka kituo cha afya akapimwe malaria, hakuwa nayo. Akampeleka akapimwe macho; yalikuwa mazima. Mwisho, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, alimpa dawa ya minyoo na kumsimamia mpaka akaimeza. Kisha akajiambia kwamba huenda watano ni wachache.

"Asteria, nimeongeza," akasema. "Watakuwa wanane."

Kijiko alichokuwa amekishika mtoto kilianguka ndani ya sufuria.

"Wanane, babu?"

"Wanane. Hiyo ndiyo motisha."

Mwezi wa sita akawa wa hamsini na nne. Sasa mzee hakuelewa chochote. Jioni aliketi uani, mtoto akipepeta choroko, akamuuliza ghafla, "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Robo tatu ya mia mbili?"

"Mia na hamsini, babu."

"Mto mrefu kuliko yote Tanzania?"

"Rufiji." Ungo ulikuwa haujasimama hata mara moja.

Mzee akayapanga mambo kichwani. Mtoto huyu anajua, na darasani hajui. Ana afya, anakula, anaamka mapema, haonekani na vijana wa mtaani. Ng'ombe wanaongezeka na alama zinapungua. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuona mnyama anayeikimbia chumvi, na kadiri chumvi inavyoongezwa ndivyo anavyozidi kukimbia. Akili yake ilizunguka jambo hilo usiku kucha pasipo kupata mlango wa kuingilia. Kesho yake akafanya lile tu alilojua kulifanya: akawafikisha ng'ombe kumi, wote mitamba, hakuna dume hata mmoja.

Ili neno lake lisije likakosa vitendo, alimwita Davis. Huyu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, kijana mwenye maneno mengi, aliyezoea kuwapelekea wenye bucha wa Bulyanhulu. Walikubaliana kwamba Davis atachukua maksai wazee wa zizi lake mzee la kijijini, naye alete mitamba bora. Akafika Jumamosi mchana juu ya pikipiki, vumbi jekundu limempanda hadi kwenye kope. Waliketi barazani. Asteria akaleta maji ya kunywa, akapiga goti mbele ya mgeni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada'ngu." Davis akavua miwani yake ya jua. "Kumbe huyu ndiye Asteria? Ndiye mwenye ng'ombe?"

"Ndiye," akasema mzee, na kifua kikapanda.

"Basi, dada'ngu, kazana na mtihani huo. Ng'ombe wako tayari, wamenona, wanang'aa. Mimi nasubiri neno la mzee tu, ukimaliza shule siku hiyo hiyo tunamaliza mambo."

Jagi likamponyoka mtoto, maji yakamwagika juu ya viatu vya Davis.

"Ala! Ananiosha miguu kabisa!" Davis akacheka. "Mzee, hapa nimepokewa kitemi!"

"Asteria, adabu iko wapi?" mzee akakemea.

"Samahani, babu. Samahani, kaka." Akaokota jagi na kukimbilia ndani, wala hakutoka tena mpaka pikipiki ilipoondoka. Mzee alibaki akijiuliza ni lini mjukuu wake aliyefunzwa heshima alipoanza kuwakimbia wageni.

Mwishoni mwa mwezi wa saba yalitoka matokeo ya mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Mwalimu Justa hakumpa Asteria karatasi aipeleke nyumbani. Alimpigia mzee simu, naye akaenda shuleni akiwa amevaa koti na tai.

"Shikamoo, mzee. Karibu, keti."

"Marahaba, mwalimu. Nitasimama."

"Amekuwa wa mia moja na kumi. Hisabati amepata sifuri."

"Basi nitasimama hivi hivi. Katika ukoo wetu sifuri haijapata kuingia."

"Keti, mzee, maana sifuri hii si ya kawaida."

"Sifuri ni sifuri, mwalimu. Hata enzi zetu ilikuwa ya mviringo."

Mwalimu Justa akamsogezea karatasi. "Tazama. Haya ni maswali arobaini ya kuchagua. Kila moja lina majibu matano, moja tu ndilo sahihi. Wewe ukifumba macho na kubahatisha, utapata mangapi?"

"Mimi sibahatishi."

"Tuseme umebahatisha. Utapata saba, utapata nane. Nina mtoto humu ambaye kusoma kwenyewe kunamshinda, na amepata sita. Ili ukose yote arobaini, mzee, huna budi kulijua jibu la kila swali, upate kulikwepa. Asteria ndiye mwanafunzi pekee wa darasa langu aliyeyajua yote."

Hapo mzee akaketi.

"Kwa hiyo amefaulu?"

"Amefaulu kufeli."

Mzee Donatus akatoa leso akafuta paji la uso. Maneno yote mawili alikuwa akiyafahamu, lakini hakuwahi kuyasikia yakiwekwa pamoja.

"Mzee wangu," mwalimu akaendelea kwa sauti ya chini, "huku kwetu tumekwisha kuwaona wasichana wanaoambiwa na wazazi waandike majibu ya uongo, wafeli, kisha waozwe..."

"Mwalimu!" Mzee akasimama tena. "Katika nyumba yangu?"

"Sikusema nyumba yako. Nauliza tu. Nyumbani kuna ng'ombe wanaotajwa?"

"Wapo. Kumi."

"Wa nani?"

"Wake! Kwa jina lake!"

Mwalimu Justa akaweka kalamu chini. "Na anayewatoa ni nani?"

"Mimi! Si motisha hiyo, uliyoniandikia wewe mwenyewe kwa wino mwekundu?"

Mwalimu akaufunika mdomo kwa kiganja. Mzee hakuweza kutambua kama alikuwa akizuia kicheko au kilio. Kisha akasema, "Rudi nyumbani, mzee. Usimpige. Muulize jambo moja tu: uliposema ng'ombe, yeye alisikia nini? Zimebaki wiki sita. Akiyafanya haya kwenye mtihani wa taifa, hakuna sekondari, na mimi sitakuwa na uwezo wa kumsaidia."

Alimkuta Asteria uani akifua sare. Njia nzima alikuwa amelishika swali lile kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa, akaogopa lisimwagike kabla hajafika.

"Asteria. Wale ng'ombe umewasikiaje?"

Mtoto akaacha kufua. Povu likamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akapiga goti, na maneno yakatoka kwa kasi kana kwamba yalikuwa yamefungiwa.

"Babu, mimi sitaki kuolewa."

"Nani amesema kuolewa?"

"Wewe, babu. Ulisema ng'ombe wataingia kwa jina langu."

Sentensi yake mwenyewe ikamrudia mzee masikioni, na kwa mara ya kwanza akaisikia kama inavyosikika katika kila mji wa Msukuma wenye binti. Ng'ombe wanaoingia zizini kwa jina la msichana wana maana moja tu.

"Klara, binti wa mama mdogo kule Mwakitolyo, alikuwa wa kwanza darasani," Asteria akasema. "Wakaja watu. Wakauliza kama anajua hesabu. Waliposikia anajua, wakaongeza ng'ombe, wakasema mke mwenye akili atamsimamia mume wake kazi za duarani. Alipomaliza tu darasa la saba, wakaingia kwa jina lake, naye akaondoka. Mimi nikaona afadhali nionekane sina akili, wasije. Lakini kila nikishuka, babu, wewe unaongeza. Nikajua yule anayenitaka ananitaka sana."

"Yupi huyo?"

"Kaka Davis."

"Davis ni mchuuzi wa ng'ombe!"

"Ndiyo, babu. Ndiyo maana nikajua anao."

Mzee akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia pamoja na tai yake. Walikuwepo wasichana waliofeli ili waolewe, na hapa alikuwepo aliyefeli asiolewe, na aliyemfelisha alikuwa mtu aliyetaka afaulu kuliko wote. Hakujua aanze na lipi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Wewe huulizwi, babu. Ulisema husemi mara mbili." Akafuta pua kwa mkono wenye povu. "Babu yake Blessing, yule rafiki yangu wa shuleni, anamwita 'mke wangu', anamwambia atamwoza kwa fisi, wanacheka. Angemtajia ng'ombe, Blessing angejua ni utani. Wewe hujawahi kunitania."

Hilo lilikuwa kweli. Utani wa babu na wajukuu mzee aliuona ni upuuzi wa watu wasio na kazi, akaufungia nje ya nyumba yake. Sasa aliona kwamba kila alilolisema humo ndani lilikuwa na uzito wa hukumu, hata lile alilodhani ni zawadi.

"Sikiliza basi," akasema. "Wale si mahari. Ni wako, zawadi ya kusoma."

"Ndiyo, babu."

Ilikuwa "ndiyo" ile ile ya mwezi wa pili, yenye macho yaliyotazama chini. Mzee akaitambua, akaogopa. Ufafanuzi usingetosha. Maadamu ng'ombe wale wangebaki, wangebaki pia katika moyo wa mtoto huyu, wakikwangua uzio kwa pembe zao, na siku ya mtihani kalamu ingeyakwepa majibu. Wa kuwaondoa alikuwa yeye peke yake, na hangeweza kuwaondoa pasipo kufanya jambo ambalo halijafanywa na Ndaki wala Masalu.

Akatoa simu yake ndogo ya vitufe mfukoni, akampigia Davis, akaweka spika ili mtoto asikie.

"Mzee wangu, shikamoo! Mitamba inakusalimu!"

"Marahaba. Davis, nimelirudisha neno langu. Mitamba siichukui."

Upande wa pili pikipiki ikazimwa. "Mzee? Ni wewe kweli? Mwana wa Masalu? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Watu wa minada watanicheka, mzee. Watakucheka na wewe."

"Wacheke. Umepata hasara ya safari, nitakutafutia maksai mmoja wa kukupoza. Lakini kwa jina la Asteria hakuna ng'ombe atakayeingia popote."

Akakata simu. Aibu ilimpanda usoni kama mtu aliyevuliwa koti sokoni. Asteria alikuwa akimtazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sasa nikifaulu nitapata nini, babu?"

"Hupati kitu."

"Hata ndama?"

"Hata mkia wa ndama."

Mtoto akacheka. Akacheka mpaka akashika beseni asianguke, na mzee, ambaye hakuona chochote cha kuchekesha, alimsubiri amalize.

"Utasoma?" akauliza.

"Nitasoma, babu."

"Kwa ajili ya nini, kama hakuna kitu?"

Asteria akafikiri. "Lile swali la mwisho la moko lilikuwa la eneo la duara. Duara la hesabu, babu, si lile la baba. Nililijua. Nilipoweka alama kwenye jibu la uongo nilisikia vibaya, kama nimemtukana mtu. Nataka nilifanye vizuri."

Mzee aliitikia kwa kichwa, lakini hakuelewa. Katika wiki zile sita alimwona akiamka alfajiri mwenyewe, akifanya maswali hadi kwenye magazeti ya kufungia sukari, pasipo chumvi mbele wala fimbo nyuma. Mara mbili ilimjia hamu ya kumwahidi angalau sketi mpya, akauma ulimi. Siku ya mtihani alimsindikiza hadi getini, akamwambia, "Andika unalolijua." Huo ndio wosia mfupi kuliko wote aliopata kuutoa.

Matokeo yalipotoka, Asteria alikuwa na daraja A, akachaguliwa katika shule ya sekondari ya bweni ya wasichana. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa binti wa mama anayechoma mahindi, ambaye nyumbani kwao, mzee alipopeleleza, hakuwahi kuahidiwa kitu wala kutishwa.

Januari Mwalimu Justa alimwita mzee kwenye mkutano wa wazazi, akamtaka awaeleze watu jinsi alivyompa mjukuu wake motisha. Mzee Donatus alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akafunga kifungo cha koti.

"Nilimwahidi ng'ombe, akashuka," akasema. "Nikaongeza, akashuka zaidi. Nikawaondoa wote, akapanda. Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu."

Watu wakacheka. Mama Blessing akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, baba, tuwape zawadi au tusiwape?"

"Sijui," akasema mzee. Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya hadhara, akalisikia likitembea ukumbini na kumrudia. "Wa kwako huenda akaitaka zawadi, wa kwangu aliikimbia. Najua tu kwamba sikuuliza kilichokuwa moyoni mwake, na yeye hakuuliza kilichokuwa katika neno langu. Kidogo tupotezane hivyo."

Kisha akawageukia wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wamepangwa ubavuni mwa ukumbi, na sauti yake ikawa ile ya josho.

"Nanyi! Acheni kuegemea ukuta, simameni wima! Mkubwa akilitaja jina lako katika jambo usilolielewa, usilimeze kimya. Piga goti, msalimie kwa heshima, kisha muulize: babu, una maana gani? Akikemea, ngoja apoe, umuulize tena. Na kalamu yako isiandike uongo kwa sababu ya hofu ya mtu yeyote, hata kama mtu huyo ni mimi. Mmesikia? Sijawasikia. Itikieni, mmoja mmoja, kuanzia pale mwisho!"